Mgongo bado unauma lakini nimerudi kusujudu: niliyojifunza kwenye tafiti za maumivu sugu (uzi mrefu)

Dereva wa Kitonga (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Naandika nikiwa kwenye foleni Tunduma, siku ya pili leo. Miaka mitatu nyuma foleni ya hivi ingenimaliza. Nikikaa kwenye kiti cha lori saa mbili mfululizo, kushuka ilikuwa mpaka nishike mlango kwa mikono miwili, nitangulize mguu wa kulia, nisubiri pumzi irudi, ndipo nilete wa kushoto. Utingo wangu alikuwa anageukia pembeni ili asinione.

Mgongo ulinianza 2019 nikibadilisha tairi chini ya mlima Kitonga. Nikazunguka na sindano na vidonge, mwisho nikaambiwa nipige MRI, nikachangachanga hela nikapiga. Daktari wa mahali pale akaiinua picha kwenye mwanga, akanionyesha pingili ya chini kabisa. Maneno yake nayakumbuka mpaka leo: "Hapa pameisha. Huu mgongo ni wa mzee wa miaka sabini. Usiiname, usibebe kitu, usikae muda mrefu." Nilikuwa na miaka 36, na kazi yangu ni kukaa.

Nikatii. Nikaacha kubeba ndoo. Nikaacha kumnyanyua mwanangu wa mwisho, wakati huo ana mwaka mmoja, akinijia mikono juu namwita mama yake. Nikahamia kuswali kwenye kiti, na hili ndilo lililoniumiza kuliko yote. Unakaa pembeni na wazee, wenzako wanakwenda chini, wewe unainamisha kichwa tu. Nilikuwa naogopa mno kuwa mlemavu, niliona ndiyo mwisho wa mtu.

Miaka miwili ya kujitunza namna hiyo, maumivu hayakupungua hata chembe. Kilichopungua ni mambo ninayoyaweza.

Kisha nikakutana na dada mmoja wa fiziotherapia (tiba ya viungo), hospitali nyingine kabisa. Picha yangu ya MRI aliitazama, akairudisha kwenye bahasha, akaniuliza: "Kaka, kitu gani umekiacha ambacho roho inakitaka?" Nikamwambia kusujudu. Akaandika. Akaniuliza, kuanzia 0 mpaka 10, leo unakiweza kwa kiasi gani? Nikasema 2. Akaandika na hiyo. Sijawahi kuulizwa hivyo tangu niumwe. Kote nilikopita niliulizwa "inauma wapi" na "inauma kiasi gani", basi.

Toka siku hiyo nikaanza kusoma. Foleni za mpakani zinampa mtu muda. Naweka hapa niliyoyapata, maana najua humu tuko wengi.

Kwanza hiyo picha. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 33 za watu 3,110 waliopigwa picha za uti wa mgongo huku HAWAUMWI mgongo hata kidogo. Wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski (ile mito laini iliyo katikati ya pingili) zilizochakaa. Wenye miaka 30, asilimia 52. Wenye 40, asilimia 68. Wenye 80, asilimia 96. Diski iliyovimba kutoka nje ya mstari wake, hii tunayoitwa tuje tufanyiwe upasuaji, wenye miaka 40 nusu yao walikuwa nayo na wanadunda tu. Wakuu, niliposoma hapo nilizima simu nikakaa kimya. Mimi wa miaka 36 niliambiwa nina mgongo wa mzee wa sabini, kumbe nilikuwa na mgongo wa rika langu. Sisemi picha haina kazi, kuna magonjwa inayakamata na wataalamu wataongezea. Nasema kwa mgongo wa kawaida unaouma muda mrefu, picha peke yake haikwambii utaweza nini kesho.

Pili, na hapa ndipo nilipokaa sana. Watafiti hupima vitu viwili tofauti: maumivu, na kile mwili unachokifanya. Uingereza mwaka 1983 Roland na Morris walitengeneza dodoso la sentensi 24, mgonjwa anaweka alama zile zinazomhusu siku ya leo. Halikuulizi kabisa inauma kiasi gani kwa namba. Linakuuliza: unapanda ngazi polepole kuliko kawaida yako kwa sababu ya mgongo? Unashindwa kuvaa soksi? Unakaa kitandani sehemu kubwa ya siku? Umekuwa na hasira na watu? (Hiyo ya hasira niliweka alama huku mke wangu ananiangalia.) Ukipata alama 24 maana yake mgongo umekushika kila kona ya maisha, ukipata 2 au 3 unaishi. Sasa watu wawili wanaweza wote kusema maumivu ni 7 kwa 10, mmoja ana alama 19 na mwenzake ana 6. Kinachowatofautisha ni nini?

Kimojawapo ni hofu. Mwaka 2000 Vlaeyen na Linton waliandika jinsi mduara unavyokwenda: inauma, unaamini kitu kimevunjika ndani, unaogopa kuinama, unaacha, misuli inalegea, mwili unakuwa mwepesi kushtuka, inauma zaidi, unaogopa zaidi. Nilikuwa naisoma kama habari yangu mwenyewe. Na ile ya "lala upumzike" ilipimwa Helsinki mwaka 1995 kwa wafanyakazi wa manispaa 186 waliokuwa wameshikwa na mgongo ghafla. Kundi moja wakalazwa kitandani siku mbili, jingine wakapewa mazoezi ya mgongo, jingine wakaambiwa waendelee na shughuli zao kadiri maumivu yanavyoruhusu. Wa kitandani ndio waliochelewa kupona, na walioendelea na shughuli ndio waliotangulia.

Mimi leo: mgongo unauma, siku nyingi 4, siku mbaya 6. Kusujudu nimejipa 8. Mtoto nimeshambeba, kashakuwa mzito.

Karibuni tuelimishane. Wenye uzoefu na wataalamu mshuke hapa.

Mama Cherehani

Mwanangu nimesoma yote. Mimi nina miaka 58, nashona. Kiuno na mabega mwaka wa tisa huu. Hiyo dodoso ya Wazungu inauliza soksi, mimi soksi nivae za nini huku Tanga? Waniulize kama naweza kuchuchumaa chooni nikainuka bila kushika ukuta. Waniulize kufua nguo kwenye beseni, kufagia uwanja na ufagio wa chelewa, kumwosha mjukuu. Hayo ndiyo yaliyonishinda.

Shida yangu nyingine ni hii. Siku nikiamka sina maumivu nafurahi, nafua za wiki nzima, nafagia, nakata vitambaa vya sare za shule mpaka saa tano usiku. Kesho yake silali wala sikai, siku tatu nzima. Nikipata nafuu narudia yale yale. Nifanyeje?

Mkongojo

Mleta uzi, hongera kwa kurudi kwenye sujudu, nimefurahi kwa dhati. Lakini nina neno na wewe.

Umesema uliogopa kuwa mlemavu ukaona ndiyo mwisho wa mtu. Mimi natembea kwa magongo tangu nina miaka minne, polio. Nimesoma, nimeoa, nina watoto watatu na duka la vipuri. Tunaposoma sentensi kama ile inatuchoma. Tangu 2001 WHO (Shirika la Afya Duniani) wana mfumo wa kuelezea hali hii, na ndani yake ulemavu haukai kwenye mguu wala mgongo peke yake. Kuna mwili, kuna shughuli unazofanya, kuna kushiriki kwako na watu, na kuna mazingira. Mguu wangu haujabadilika miaka arobaini. Ofisi ikiwa ghorofa ya pili bila lifti mimi siwezi kuingia, ikishushwa chini naingia. Hapo mguu umefanya nini?

Halafu kwenye utafiti wako ongeza hili. Mimi maumivu sugu ninayo, ya mabega na viganja, kwa kuwa mikono imefanya kazi ya miguu maisha yote. Na sisi wa polio tunaweza kupata udhaifu mpya wa misuli miaka mingi baada ya ugonjwa wenyewe. Nilipoanza kuchoka bila sababu, kijana mmoja wa gym akaniambia nizidishe mazoezi. Nikazidisha, mkono ukazidi kulegea. Mtaalamu aliyejua polio ndiye aliyeniambia nipunguze, nipumzike katikati ya kazi, nisichoshe misuli iliyobaki. Kwa hiyo "jikaze uendelee" isiwe dawa ya kila mtu humu.

Dereva wa Kitonga (mleta uzi)

Mkongojo kaka, nisamehe. Umenipa haki yangu. Ilikuwa hofu ya kutojua, na niliiandika bila kufikiria nani anasoma. Nimeiacha pale juu ili watu waone na jibu lako. Hilo la polio sikulijua kabisa, ahsante.

Mama Cherehani, shikamoo. Mimi hiyo ya siku nzuri na siku mbaya nilikuwa nayo pia, kila nikipata nafuu najaza mzigo wote. Namwita Fizio wa Moshi, yumo humu, ajibu kitaalamu.

Nesi wa Zamu

Kabla hamjaenda mbali, naomba kila anayepita asome hapa, kwa sababu wodini tunawapokea waliochelewa.

Mgongo mwingi si hatari. Lakini ukiona ganzi sehemu zile unazokalia, kuzunguka njia ya haja kubwa na sehemu za siri, au mkojo umegoma kutoka, au unatoka bila wewe kujua, au mguu unapoteza nguvu haraka, hiyo ni ya kwenda hospitali leo leo, usisubiri kesho. Mgongo unaouma pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, fikirieni TB ya mifupa. Kwetu ipo, na inakula pingili taratibu mpaka mtu anapata kibiongo au anapooza, ilhali inatibika kwa vidonge. Aliyewahi kuugua saratani ya titi au tezi dume, mgongo mpya usioachia hata akilala, apimwe. Aliyeanguka kutoka mwembeni au mnazini, apigwe eksirei.

La pili, sindano na vidonge vya diklofenaki. Wanaume wa safari hasa nyie. Mnanunua duka la dawa kila kituo kama karanga. Vinapunguza maumivu, kweli, ila kumeza mwezi baada ya mwezi kunachoma tumbo mpaka linavuja damu, kunapandisha presha, kunaumiza figo. Nimemhudumia dereva wa miaka 41 aliyetapika damu ndoo nusu. Alikuwa anameza vinne kwa siku na hajala.

Kijana wa Mizigo

Na mkanda wa kiuno je? Nimeuziwa 45,000.

Dereva wa Kitonga (mleta uzi)

Mkuu, Desemba 2023 WHO walitoa mwongozo wa mgongo sugu wa chini kwa zahanati na vituo vya afya. Mikanda wameiweka upande wa visivyopendekezwa kama tiba ya kawaida, pamoja na kuvutwa uti wa mgongo na zile mashine za mawimbi ya sauti. Dawa za jamii ya afyuni nazo wamezikataa. Walivyovikubali ni elimu, mazoezi, tiba za kisaikolojia, kuchuliwa, na dawa kama ibuprofeni kwa uangalifu. Mimi wangu nilimpa fundi seremala akafungia mbao.

Chozi la Samaki

Samahani, mimi uzi huu unanitia uchungu. Nina maumivu ya mwili mzima mwaka wa sita, vipimo vyote visafi. Nimeambiwa na watu wa afya kwamba yapo kichwani mwangu. Mama mkwe anasema ni uvivu. Sasa na nyie mnasema ni hofu. Mnajua kulala usiku shuka linakuuma?

Fizio wa Moshi

Chozi la Samaki, dada yangu, pole sana. Nakujibu wewe kwanza.

Chama cha kimataifa cha utafiti wa maumivu kilitoa maana mpya ya maumivu mwaka 2020, na kwenye maelezo yake wameandika kwamba mtu akisema anaumwa, kauli yake iheshimiwe. Vipimo visafi havifuti kauli yako. Katika orodha mpya ya magonjwa ya WHO iliyoanza kutumika 2022, maumivu sugu yana nafasi yake mwenyewe kama ugonjwa, yakizidi miezi mitatu, hata pasipo jeraha la kuonyesha kidole.

Kinachotokea nitakwambia ninavyowaambia wagonjwa wangu. Chukua nyumba iliyovamiwa na wezi usiku mmoja. Mbwa wa nyumba ile baada ya hapo anabweka hata paka akipita, hata jani likianguka. Hajawa mwendawazimu, anawalinda. Neva zetu zinafanya hivyo: zikipigwa na maumivu muda mrefu, uti wa mgongo na ubongo vinaongeza sauti, na shuka linaingia kwa mlio ule ule wa kisu. Mlio ni wa kweli, unaumwa kweli. Hofu tunayoizungumzia inaongeza sauti ya mbwa, na kukosa usingizi kunaiongeza, na kusemwa mvivu kunaiongeza sana. Mama mkwe naye ni sehemu ya tiba, mlete siku moja nizungumze naye.

Mama Cherehani, shikamoo mama. Hilo la soksi umesema kweli na watafiti wanalijua. Dodoso lililotungwa London haliwezi kujua beseni la Tanga. Ndiyo maana napenda kipimo cha Stratford na wenzake wa Kanada, cha 1995: mgonjwa mwenyewe anataja shughuli zake tatu mpaka tano zinazomshinda, kila moja anaipa 0 mpaka 10. Sifuri siwezi kabisa, kumi naweza kama zamani. Wastani ukipanda kwa alama 2, au shughuli moja ikipanda kwa 3, hapo tunasema kuna badiliko la kweli, halijatokea kwa kubahatisha. Ndicho alichofanyiwa mleta uzi na sujudu yake.

Kuhusu siku nzuri na mbaya. Mwaka 1992 kule Göteborg, Uswidi, walichukua wafanyakazi 103 wa kiwanda cha Volvo waliokuwa likizo ya ugonjwa kwa sababu ya mgongo. Waliopewa mpango wa kupandisha shughuli hatua kwa hatua walirudi kazini mapema kuliko wenzao. Siri yake ni kwamba unasimama kwa kipimo ulichojiwekea kabla, usingoje maumivu yakusimamishe. Mama, wewe unashona mpaka maumivu yakuamuru. Geuza. Kama unajua dakika 40 ndiyo mwanzo wa shida, weka saa ya simu dakika 25. Ikilia unasimama, unatembea mpaka getini na kurudi, hata kama hujisikii maumivu yoyote. Hasa kama hujisikii. Wiki ijayo 28. Nguo za kufua, tano leo, tano kesho, beseni lipandishe juu ya meza au benchi. Na siku mbaya usilale moja kwa moja, punguza ile ile ratiba nusu.

Mkongojo yuko sahihi kuhusu polio, na kuna magonjwa mengine ambayo kupandisha mazoezi kwa nguvu kunaharibu. Anayeanza, aonane na mtu aliyesomea.

Wanaouliza tiba ipi imepimwa vizuri: Australia mwaka 2023 walichapisha utafiti wa watu 492 wenye mgongo sugu. Waliofundishwa ana kwa ana kuuelewa mwili wao, kurudia taratibu yale wanayoyaogopa, na kurekebisha usingizi na maisha, vikao saba na kimoja cha kukumbushia, alama zao kwenye lile dodoso la sentensi 24 zilishuka zaidi ya waliopata huduma ya kawaida kwa alama 4 na nusu hivi, na baada ya mwaka mzima tofauti bado ilikuwepo. Vikao nane. Havikuhitaji mashine. Na huko huko mwaka 2024, watu 701 waliokuwa wametoka kupona mgongo: waliopangiwa kutembea, wakapanda taratibu kuelekea dakika 30 mara tano kwa wiki, walikaa siku 208 kabla mgongo haujawarudia, wenzao 112. Kutembea, wakuu.

Kijana wa Mizigo

Sisi wa kubeba magunia sokoni tunatembea kutwa. Tunaumwa vile vile.

Fizio wa Moshi

Umesema kitu kizito, mdogo wangu. Waliopimwa Australia hawakuwa wapagazi wa gunia la rumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo. Kwako tatizo la kwanza ni gunia lenyewe, na hapo Mkongojo alishatangulia kusema: mazingira. Ukiweza, mbebe wawili wawili au mtumie mkokoteni, na pumziko liwe kati ya mizigo badala ya mwisho wa siku. Rumbesa ikipigwa marufuku kweli kweli itasaidia migongo mingi kuliko mimi hapa kliniki. Nimeyasema haya kwenye vikao na nitaendelea kuyasema.

Chozi la Samaki

Ahsante Fizio. Nimelia lakini vizuri. Nimempa mume wangu asome ile ya mbwa.

Mama Cherehani

Marahaba wanangu. Nimechukua daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa mwisho, nimeandika.

Kuchuchumaa na kuinuka bila ukuta: 3.
Kushona saa moja: 4.
Kumwosha mjukuu kwenye beseni: 1.

Saa ya simu nimeweka dakika 25, mjukuu kachagua mlio wa jogoo. Leo imelia mara tatu, mara ya tatu nilikuwa nimebakiza kola tu ya shati. Nikasimama. Nimefika mpaka getini.

Dereva wa Kitonga (mleta uzi)

Umesimama na kola imebaki, mama. Hapo ndipo pagumu, mimi nilichukua mwezi kuweza. Namba zako nimezinakili kwenye simu. Baada ya wiki sita, nikiwa hai, nakuja hapa hapa kukuuliza.

Foleni imeanza kusogea. Nashuka kwanza nizunguke gari mara mbili, kisha naingia.